Kalipa za zamani zinazong'ang'ania: msasa na sili mpya havitoshi

Swali: Nina gari la mwaka 1971 lenye breki za diski mbele. Kalipa zake, yaani vifaa vinavyozibana pedi kwenye diski, ni za chuma, vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa bolti, na kila kipande kina pistoni moja. Gari lilikaa miaka mingi bila kutembezwa. Sasa nikienda kilomita chache tu magurudumu ya mbele yanashika moto na gari linakuwa zito. Nimetoa pistoni moja, ina madoa ya kutu na vishimo vidogo. Fundi anasema tuipige msasa, tuweke sili mpya na kufunga. Inatosha? Na je, ni lazima kutenganisha vipande viwili vya kalipa?

Jibu: Haitoshi. Pistoni yenye vishimo ni ya kubadilishwa, na sili mpya zikifungwa juu yake zitavuja au zitang'ang'ania tena. Kutenganisha vipande si lazima iwapo kiungo chake hakivuji. Lililo lazima ni kuufikia mfereji wa sili ulio ndani ya silinda na kuusafisha mpaka chuma kitupu kionekane. Mfereji huo ndio unaosahaulika, na ndiyo sababu kuna watu wanaofungua kalipa ileile mara tatu.

Sili ina kazi mbili

Kalipa ya aina yako haina springi ya kurudisha pistoni. Kinachoirudisha ni sili yenyewe. Ni pete ya mpira ambayo ukiikata utaona umbo la mraba, imekaa ndani ya mfereji uliochongwa kwenye ukuta wa silinda. Ukikanyaga pedali, pistoni inasogea mbele na kuivuta sili nayo ijipinde kuelekea diski. Ukingo wa mfereji wa upande huo umechongwa mshazari makusudi, ili sili ipate pa kujipindia. Ukiachia pedali, sili inajinyoosha na kurudi na pistoni. Safari hiyo ni sehemu ndogo tu ya milimita, lakini ndiyo inayofanya pedi ziachie diski. Pedi zikilika, pistoni inateleza ndani ya sili na kuhamia mbele kidogo, ndiyo maana breki za diski hazihitaji kurekebishwa kwa mkono.

Ukishaelewa hilo, utajua wapi pa kuwa mkali na wapi pa kulegeza. Uso wa pistoni ndio unaozuia mafuta ya breki, kwa hiyo lazima uwe laini kabisa. Ukuta wa silinda wenyewe hauzuii chochote, kazi yake ni kuielekeza pistoni tu. Vishimo vichache vya kutu ukutani havikatishi tamaa, mradi pistoni inapita bila kukwama. Mfereji nao ukijaa kutu, kutu hiyo inavimba chini ya sili na kuisukuma ibane pistoni kama pingu. Sili haina tena nafasi ya kujipinda, pistoni hairudi, pedi zinasuguana na diski muda wote. Weka sili mpya kabisa juu ya mfereji mchafu, nayo itabana vilevile, pengine zaidi, kwa sababu bado ni nene.

Kuna kalipa ambazo kanuni hii haizihusu. Kalipa za Dunlop zilizotumika kwenye Jaguar za miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 zina silinda za kufungwa kwa nje kwa bolti, na sili yake imevaliwa na pistoni. Hapo ukuta wa silinda ndio unaozuia mafuta, na ukiwa na vishimo, silinda hiyo ni ya kuwekewa bushi mpya au kubadilishwa.

Hakikisha kosa ni la kalipa

Umesema magurudumu yote mawili ya mbele yanapata moto. Kalipa mbili zinaweza kabisa kushika kutu pamoja, lakini dalili hiyo inaweza pia kutoka juu zaidi. Endesha mpaka gari liwe zito, simama pa tambarare, zuia magurudumu ya nyuma, inua mbele na uweke stendi. Jaribu kuzungusha gurudumu lililoshikwa, kisha fungua skrubu ya kutolea upepo ya kalipa hiyo robo mzunguko.

Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, kulikuwa na presha iliyonaswa, na pistoni si mkosaji mkuu. Kama gurudumu halikuachia, pistoni au pedi zimekwama zenyewe.

Kwa presha iliyonaswa, washukiwa ni wawili. Wa kwanza ni mpira wa breki, ule unaonyumbulika kutoka kwenye paipu ya chuma hadi kwenye kalipa. Ukizeeka unavimba ndani. Mguu una nguvu ya kupitisha mafuta kwenda, lakini sili ya kalipa haina nguvu ya kuyarudisha. Kwa nje unaweza kuonekana mzima kabisa. Wa pili ni masta silinda, yaani pampu kuu inayosukumwa na pedali. Ndani yake kuna kitundu kidogo kinachoruhusu mafuta kurudi kwenye chupa pedali ikiachiwa. Ikiwa fimbo ya pedali haina uchezo, hata wa milimita moja, kitundu hicho kinabaki kimezibwa. Mafuta yakipata joto yanapanuka, hayana pa kwenda, yanazidi kubana pedi, na joto linazidi tena. Kuwatofautisha, rudia jaribio, ila safari hii legeza kiungo cha paipu ya chuma pale inapoingia kwenye mpira. Gurudumu likiachia hapo, tatizo liko kwenye masta silinda. Likiachia kwa skrubu ya kalipa pekee, ni mpira.

Hata jibu likiwa kalipa, badilisha mipira ya breki ya umri huo. Kuirudisha ya zamani kwenye kalipa mpya ni kujitafutia kazi.

Kutoa pistoni

Vumbi la pedi za zamani linaweza kuwa na asbesto. Usilipulize kwa kompresa na usilipige brashi likiwa kavu. Lowesha, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa kikiwa kimefungwa kwenye mfuko.

Legeza skrubu ya kutolea upepo na kiungo cha mpira wakati kalipa bado imefungwa kwenye gari, maana huko ndiko imeshikwa imara kuliko jiliwa lolote. Tumia soketi ya pembe sita. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu usiku uliotangulia, na kabla ya kufungua, jaribu kukaza kidogo. Kule kusogea kunavunja kutu bila kukata skrubu. Ikigoma, pasha moto chuma kilichoizunguka, si skrubu. Ikikatika, chomelea nati juu ya kilichobaki na ufungue kingali cha moto. Kuchimba kwa drili ni hatua ya mwisho, kwa sababu chini ya tundu hilo kuna kiti chenye umbo la koni, na ukikijeruhi skrubu mpya haitaziba.

Presha bora ya kutoa pistoni unayo tayari, nayo ni pedali. Toa pedi, fungua bolti za kuishikilia kalipa, iache ining'inie kwa waya, isivute mpira, kisha kanyaga pedali taratibu. Zote mbili hazitatoka pamoja, moja itatangulia. Izuie iliyo nyepesi kwa klampu na kipande cha ubao mpaka ile ngumu isogee. Lengo ni kuzifikisha zote karibu na mdomo wa silinda bila yoyote kutoka kabisa, kwa sababu moja ikitoka presha inakwisha na nyingine inabaki ndani.

Kama kalipa imeshatolewa, tumia bomba la grisi. Tafuta kiunganishi chenye hesi sawa na tundu la mpira, ziba tundu la skrubu ya upepo, pampu. Grisi haigandamiziki kama hewa, hivyo pistoni inatoka polepole bila kuruka. Kazi inayobaki ni kuosha grisi yote, kila tone, hadi kwenye njia za ndani. Hewa ya kompresa ni ya hatari: pistoni iliyokwama ikiachia ghafla inaruka kwa nguvu ya kuvunja vidole. Ukilazimika kuitumia, anza na presha ndogo kabisa, ubao mnene katikati ya pistoni, mikono mbali na silinda.

Usibane pistoni kwa koleo la meno kwenye uso wake wa nje, isipokuwa umeshaamua kuitupa. Na kabla ya kuitoa, angalia uso unaogusa pedi. Pistoni za ATE, kampuni ya breki ya Kijerumani, zinazopatikana kwenye magari mengi ya Kijerumani ya enzi hizo, zina sehemu iliyokatwa chini kidogo, na hukaa kwa pembe ya nyuzi 20 ili breki zisipige kelele. Weka alama au piga picha.

Kutenganisha vipande au kuviacha

Watengenezaji wengi waliandika kwenye vitabu vyao kwamba kalipa isitenganishwe. Sababu ni mbili. Bolti zile ni za chuma kigumu na hubeba mzigo wote wa kufunga breki, na kati ya vipande kuna sili ndogo kwenye njia ya mafuta ambayo mara nyingi haimo katika seti ya kawaida ya sili.

Ushauri ni huu: kama hakuna unyevu kwenye kiungo, na kidole pamoja na kioo kidogo vinaufikia mfereji, acha vipande vilivyo. Kama kiungo kimelowa, au mfereji una kutu ambayo huwezi kuifikia ukiwa umebanwa na kipande cha pili, tenganisha. Ukitenganisha, uwe tayari una sili ya katikati ya mpira wa EPDM, bolti mpya za daraja lilelile, na kipimo cha kukaza kutoka kwenye kitabu cha matengenezo cha gari hilo. Pete za mpira za kawaida zinazouzwa kwenye maboksi huwa za nitraili. Hizo zimetengenezwa kwa ajili ya oili, na mafuta ya breki huziharibu. Kosa hilo linaonekana dogo siku ya kufunga, kisha kalipa inaanza kutoa jasho katikati miezi kadhaa baadaye.

Usafi wa mfereji

Toa sili ya zamani kwa kijiti cha mbao au plastiki, si kwa bisibisi. Mkwaruzo mmoja kwenye sakafu ya mfereji ni njia ya mafuta kupita nyuma ya sili.

Kwa kutu nene, kalipa ya chuma tupu isiyo na mpira wowote unaweza kuiloweka kwenye maji yenye asidi ya sitriki, gramu 50 kwa lita, ukiiangalia kila baada ya saa chache na kuisugua kwa brashi ya nailoni. Umeme nao unafanya kazi nzuri sana: maji yenye magadi ya kufulia, chaja ya volti 12, waya hasi kwenye kalipa na waya chanya kwenye kipande cha chuma cha kawaida cha kutupa. Kipande hicho kisiwe cha chuma kisichoshika kutu, kwa sababu kinaweza kutoa sumu ya kromu kwenye maji. Fanyia nje penye hewa, maana mvuke unaotoka ni haidrojeni na unalipuka. Kalipa ya alumini isiingizwe kwenye njia yoyote kati ya hizi mbili, na bolti ngumu zisiingizwe humo kamwe, kwani asidi na haidrojeni huzifanya ziwe za kukatika.

Baada ya hapo mfereji unamalizwa kwa mkono. Chukua kipande cha shaba laini au mbao ngumu, kichonge kiendane na upana wa mfereji, zungusha pande zote: sakafu, kuta mbili, na ule ukingo wa mshazari. Kwenye mfereji wa kukalia kava ya vumbi fanya hivyohivyo. Huko ndiko maji huingilia. Usitumie drili yenye brashi ya waya ndani ya silinda, itakula kona za mfereji na sili itakosa kiti chake. Umemaliza pale ambapo sili mpya, ikiwa imewekwa kikavu, inakaa sawa mzunguko mzima bila kuinuka mahali popote.

Kupiga mchanga kunafaa kwa nje tu, huku silinda na matundu yote yakiwa yamezibwa. Chembe chache zikibaki kwenye njia za ndani zitaishia kwenye sili. Osha kila njia kwa spiriti au kisafishio cha breki, puliza, osha tena.

Rangi ni jambo jepesi: tumia inayohimili joto, na usipake ndani ya silinda, pale pedi zinapoteleza, pale kalipa inapokaa kwenye gari, wala kati ya vipande viwili. Rangi chini ya bolti hulainika kwa joto na bolti hulegea.

Kwa nini pistoni haipigwi msasa

Pistoni nyingi za zamani ni chuma kilichochovywa kromu ngumu. Kishimo unachokiona ni mahali ambapo kutu imeshatoboa kromu na kuingia chini yake. Msasa unalainisha kingo za kishimo kwa wiki chache, lakini unaacha chuma tupu wazi, na kutu inaendelea kuiinua kromu iliyobaki pembeni. Pitisha ukucha: ukinasa popote katika eneo ambalo sili inapita, pistoni hiyo imekwisha. Doa lisilonasa ukucha linaweza kufutwa kwa msasa laini sana, wa namba 1500 au zaidi, uliolowa, ukizungusha kufuata duara. Kumbuka pia kwamba pedi mpya ni nene, hivyo pistoni itarudi ndani zaidi, na sehemu iliyokuwa nje kwenye unyevu ndiyo itakayokutana na sili.

Nunua pistoni za chuma kisichoshika kutu. Kwa gari linalokaa sana bila kutembezwa hakuna chaguo bora zaidi. Zipime kwa kipimo cha mikromita, zote nne. Zisipishane na kipenyo kilichoandikwa kitabuni.

Sili, mafuta na kufunga

Sili za breki hazipatani na oili ya injini, dizeli, petroli wala grisi ya kawaida. Zinavimba na kulainika, na uharibifu huo haurudi nyuma. Paka mafuta mapya ya breki ya aina utakayotumia, au grisi nyekundu maalumu ya mpira wa breki. Osha mikono kwanza.

Ingiza sili kwa vidole, zungusha kidole ndani kuhakikisha haijajiviringa. Paka pistoni, iweke wima kabisa mdomoni mwa silinda, isukume kwa vidole gumba viwili. Inapaswa kuingia kwa ukinzani wa sawasawa. Ikikwama, imeenda upande: itoe uanze upya. Usiigonge na usiibane kwa klampu ili kuilazimisha. Kama ni ngumu hata ikiwa wima, mfereji bado mchafu.

Angalia hesi kabla ya kufunga mipira na skrubu mpya. Magari ya Kiingereza ya enzi hizo yana hesi za inchi, mengine ya kipimo cha mita, na baadhi yalibadilika katikati ya uzalishaji. Kiungo cha inchi 3/8 kina kipenyo cha milimita 9.5, kitaingia kwenye tundu la M10, yaani la milimita 10, kikicheza kidogo, kitaonekana kimekaza, kisha kitang'oka siku utakapokanyaga breki kwa nguvu. Kiungo kikicheza, si chake. Washa za shaba ziwe mpya.

Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yanakufaa. Yakiwa mapya yanapaswa kuhimili angalau nyuzi joto 230 kabla ya kuchemka, yakishanyonya maji kipimo chake hushuka hadi 155, na ndiyo sababu yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. DOT 5 ya silikoni haichanganywi na DOT 4, na kuhamia huko kunataka mfumo mzima uwe na sili mpya. DOT 5.1, licha ya jina lake, kwa kawaida ni ya jamii ya DOT 4. Citroën za mafuta ya kijani ya madini zina sili za aina nyingine kabisa, hivyo wenye magari hayo wasifuate aya hii.

Kalipa ya kulia irudi kulia. Skrubu ya upepo lazima iwe juu. Ukizibadilisha itakuwa chini, na hewa haitatoka hata ukitumia lita tano.

Wakati wa kutoa upepo, weka ubao chini ya pedali isifike mwisho. Kwenye masta silinda ya zamani, sehemu ambayo sili haijawahi kufika ina kutu, na kuikanyaga hadi chini kunaichana sili. Ukimaliza, mtu akanyage kwa nguvu dakika moja nzima huku ukikagua kila kiungo kwa karatasi kavu. Kisha achia: gurudumu lizunguke kwa mkono, pedi zikisugua kidogo tu.

Kabla ya kusogeza gari pampu pedali mpaka iwe ngumu. Nenda mahali salama ukazizoeshe pedi na diski kwa kupunguza mwendo mara kama 10 kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 15, ukiacha nafasi ya kupoa katikati, bila kusimama kabisa. Baadaye endesha kilomita chache ukigusa breki kidogo iwezekanavyo, simama, linganisha joto la magurudumu mawili ya mbele.

Pedali ikiwa ndefu mara ya kwanza tu baada ya kona au barabara mbovu, kisha ikawa nzuri ukipampu, usirudi kutoa upepo. Diski inayoyumba au beringi ya gurudumu iliyolegea inazisukuma pistoni nyuma. Pima uyumbaji wa diski kwa geji ya saa. Kwa magari mengi kikomo ni karibu milimita 0.1. Kaza beringi kwanza, kisha pima tena.